Mchagua Matofali wa Lehmhörn

Kazi ya Wübke Tjarks ilikuwa kusikiliza matofali. Aliifanya katika banda la mwisho la kiwanda cha matofali cha kijiji cha Lehmhörn, upande unaopigwa na upepo wa baharini kabla ya kwingine kote. Alishika tofali moja mkono wa kulia na jingine mkono wa kushoto, akayagonganisha mara moja, kisha akatega sikio. Tofali lililoiva hulia kama kengele ya kanisa la kijiji cha pili. Lisiloiva hulia kama mlango wa ghala. Lenye ufa ndani, hata uso wake ungekuwa mzuri namna gani, hutoa sauti fupi, kama mtu aliyekatizwa kauli. La kwanza liliwekwa kuume, la pili kushoto, la tatu likatupwa shimoni. Hivyo ndivyo alivyofanya tangu ana miaka kumi na sita, na sasa alikuwa na arobaini na tisa.

Alifundishwa na baba yake, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume na wala hakuonekana kumtamani. Baba alikuwa mchaguzi kabla yake, na nyumba ndogo iliyo ukingoni mwa shimo la udongo ilikwenda pamoja na kazi hiyo: anayechagua matofali ndiye anayekaa humo. Wübke alizaliwa humo. Humo ndimo alimoolewa na Eilert, mchomaji wa tanuri, mtu wa maneno machache kama yeye. Jioni walikaa wawili na buli moja la chai, kila mmoja na bonge lake la sukari ya mawe na tone la malai juu, wasikoroge wala wasizungumze, na hakuna aliyeona kuna lililopungua. Mwaka wa pili wa Vita Kuu Eilert aliuawa mstari wa mbele huko Flandria. Hawakuwa na mtoto. Wübke aliendelea kuteremsha vikombe viwili kutoka kabatini kwa muda wa mwaka mmoja hivi, kisha akazoea kimoja.

Kusikia kwake hakukuondoka siku moja. Kwanza walikwenda ndege wa mashambani. Alidhani mwaka huo hawakuja. Kisha birika: aliketi akingoja lichemke, na alipoinuka kulitazama alikuta maji yamekauka na chini pamekuwa pekundu. Halafu asubuhi moja ya Machi aligonganisha matofali mawili, na sauti ikamfikia kana kwamba imefunikwa blanketi. Aligonga tena. Blanketi likawa zito zaidi. Alisimama hapo na matofali yake mkononi, akaelewa yote, na hakumwambia mtu.

Aliokolewa na mikono. Miaka yote hiyo viganja vyake vilikuwa vikisikiliza pamoja na masikio bila yeye kujua. Tofali zima likigongwa, mtetemo wake hupanda mpaka kwenye kiwiko. Tofali bovu hufia kiganjani. Kwa matofali yaliyonyooka njia hiyo ilimtosha, akachagua hivyo miaka minne, na hakuna mteja aliyelalamika.

Watu ndio waliomshinda. Akaacha kwenda dukani Jumamosi, siku ambayo wanawake hujazana na kusema wote kwa pamoja. Akaacha kwenda kwa majirani kunywa chai ya alasiri. Kanisani akahamia nyuma ya nguzo, ili mchungaji asione kwamba anasimama wakati wenzake wanaketi. Lehmhörn wakasema Wübke ameota kiburi.

Aliyelisema hilo kwa sauti kuliko wote ni Gesine Oltmanns, mama wa watu wazima watatu, aliyesukuma toroli kutoka kwenye tanuri hadi bandani.

"Bi Wübke! Nakusalimu mara ya tatu hii! Au mpaka nigonge tofali ndiyo uniitikie?"

Wübke akapita, macho njiani.

"Mwacheni," Gesine akawaambia wenzake. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Wübke hakuyapata maneno hayo. Aliona mabega ya wanawake yakitikisika kwa kicheko, na hilo lilitosha.

Nyuma ya tanuri kulikuwa na lundo. Kule huchoma matofali kwa mabonge makavu ya udongo mweusi wa kinamasi badala ya makaa, na moto wake ni mtundu. Matofali yanayokaa karibu nao mno hupinda, huyeyuka, hushikana mawili mawili, huota malengelenge kama ganda la mkate ulioungua. Rangi zake hazina mpangilio: zambarau, buluu ya chuma, nyekundu ya ini, nyeusi inayong'aa kama mgongo wa mende. Hayo hayakuwa na mnunuzi. Watu waliyatumia kujengea mabanda ya nguruwe na kufukia mashimo ya barabarani. Jua linapotua, kila banda la nguruwe la Lehmhörn humeremeta kuliko kanisa, na hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu isipokuwa Wübke, ambaye Jumapili mchana alikuwa na desturi ya kulizunguka lundo lile peke yake, kama wengine wanavyozunguka bustani.

Mwezi wa Oktoba, mwaka wa saba tangu vita vimalizike, alikuja mtu kutoka Hamburg. Jina lake Hinnerk Stüben, kiongozi wa waashi, mpana kama kabati, mwenye masharubu mazito yaliyofunika mdomo wake wote wa juu. Focko Renken, msimamizi wa kiwanda na bwana wa tanuri, alimpeleka kwenye safu za daraja la kwanza. Stüben akazipita.

"Nataka yale," akasema, akinyoosha kidole.

"Yale yapi? Lile ni lundo la taka."

"Lundo hilohilo."

"Ndugu yangu," Renken akasema kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, "nyumba za tofali lile wapangaji wake ni nguruwe."

"Basi nguruwe wako wana macho kuliko wenye ofisi wa Hamburg. Tunajenga jumba la ghorofa tisa karibu na bandari. Msanifu wetu hataki plasta, hataki marumaru, hataki sanamu za malaika mlangoni. Anataka tofali tupu, ukuta ukunjwe kama nguo, na jua likilipiga kila tofali liseme lake. Tofali lililonyooka linamtia usingizi."

Renken alicheka mpaka akavua kofia ajifutie macho. "Banda la nguruwe la ghorofa tisa! Haya chukua, chukua lote, na sisi tupate pa kupita."

Stüben hakucheka. "Lakini liwe zima. Lipinde, liungue, livimbe, sawa. Ufa hapana. Mengi tutayatokeza nje ya ukuta, juu ya vichwa vya watu. Maji yakiingia kwenye ufa yakaganda, tofali linapasuka lenyewe, na chini yake anapita mtu na mkewe wanaenda zao sokoni."

"Kwa hilo lala usingizi. Tuna sikio ambalo hulipati kutoka hapa mpaka Uholanzi. Wübke!"

Wübke alikuwa hatua kumi tu, amewapa mgongo. Hakugeuka.

"Wübke! Huyo akizama kazini hata mbingu ianguke..." Renken akaenda akamgusa bega.

Akaelezwa kazi. Mdomo wa Renken aliujua, alikuwa ameutazama miaka thelathini, akapata karibu yote. Mdomo wa Stüben ulijificha ndani ya masharubu kama panya ndani ya nyasi. Wübke akaitikia kwa kichwa. Miaka hiyo minne kichwa ndicho kilichokuwa ulimi wake.

Kabla ya saa sita ya siku ya kwanza alijua kwamba amenaswa. Matofali yaliyopinda hayakubali kugusana uso kwa uso. Lengelenge hukutana na lengelenge, na mtetemo hufia hapohapo, liwe zima liwe bovu. Mikono yake ikawa bubu. Na uso wa tofali lililoungua umejaa mikunjo na makovu, huwezi kujua lipi kovu na lipi ufa. Tofali lililomhitaji mtu mwenye masikio kuliko yote ndilo hili.

Angesema palepale. Hakusema. Aligonga, akainamisha kichwa kama aliyetega sikio, akaweka kuume.

Na pamoja na hayo yote, ilikuwa furaha. Stüben alitandika ubao uwanjani akaanza kupanga ukuta wa majaribio juu yake, ukiwa umelala chali: safu nyoofu, kisha tofali moja kati ya matatu limetokeza kona, kisha safu imesimama wima kama meno. Alihitaji jeusi hapa, la rangi ya ini pale, na kila alipogeuka Wübke alikuwa amekwisha kulishika. Mara moja aliweka tofali la zambarau, akarudi nyuma, akakuna kidevu. Wübke akainama, akaling'oa, akaligeuza upande ulioyeyuka ukatazama juu, akalirudisha. Ukuta mzima ukaamka. Stüben akamtazama muda mrefu, kisha akavua kofia yake na kuivaa tena. Tangu Eilert aondoke, hakuna mtu aliyefanya kazi kimya karibu naye hivyo. Alifikiri: laiti jumba hili lingekuwa na ghorofa mia.

Siku ya tatu mchana mabehewa mawili yalikuwa yamejaa kwenye reli ya kiwanda, na injini ilitarajiwa saa kumi. Gesine ndiye aliyekuwa akipakia. Alichukua tofali la buluu kutoka safu ya kuume, safu ya matofali yaliyokubaliwa, akaliweka juu ya mengine, na likafunguka vipande viwili kama mkate uliokatwa. Ndani ya ufa palikuwa pa kijivu, pamefunga vumbi. Ufa wa tangu tanurini.

Akaja na vipande vyote viwili.

"Hili si umelipitisha sasa hivi?"

Wübke akaona mdomo ukitikisika, akaona uso unaongoja. Akaitikia kwa kichwa na kutabasamu.

Gesine akabaki kumtazama. Kisha akaviweka vipande chini, akazunguka taratibu mpaka nyuma ya Wübke, akapiga makofi mara mbili kwa nguvu zote za mikono ya msukuma toroli. Kunguru waliokuwa juu ya banda wakaruka. Wübke akachukua tofali lililofuata.

Gesine alirudi mbele yake. Ule uso wa dhihaka ulikuwa umemtoka. Akaokota vipande, akaviingiza mfukoni mwa aproni, akaenda zake. Wübke aliona kunguru wakitua tena, akajua kuna kilichowarusha nyuma yake, akafahamu kwamba Gesine amemjaribu.

Saa ya chakula alikwenda nyumbani. Kulikuwa na kabichi ya majani ya jana na soseji, hakuipasha moto. Alikaa mezani akaitazama nyumba: kitanda alichozaliwa, dirisha linalotazama shimo la udongo lililojaa maji ya mvua, msumari wa koti la Eilert. Gesine angesema au asingesema, hilo lilikuwa la Gesine. Angeweza kunyamaza. Injini ingekuja, mabehewa yangeondoka, matofali yangepanda ghorofa ya nane na ya tisa, na hakuna ambaye angelijua lolote mpaka baridi ya tatu au ya kumi. Na siku hiyo nani angelikumbuka banda la Lehmhörn? Alijaribu kumfikiria yule mtu na mkewe wanaokwenda sokoni. Hakuweza kuwapa nyuso. Alichokiona ni kikapu tu cha mwanamke, kimeanguka njiani, viazi vikibingirika.

Alirudi kiwandani kabla ya wenzake. Stüben alikuwa anahesabu safu kwenye behewa. Wübke akasimama mbele yake.

"Fundi, mimi sisikii."

Masharubu yakatikisika.

"Usinijibu, sitajua umesema nini. Rangi zote ni sawa, kwa rangi naapa. Lakini uzima wake siujui. Nilikuwa nagonga tu. Kati ya hayo mle ndani yapo mabovu. Usiyapandishe juu ya watu."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema tangu majira ya joto. Sauti yake mwenyewe hakuisikia, hivyo hakujua kama ananong'ona au vipi. Alipoona wachomaji kule kwenye tanuri, mbali kabisa, wamegeuka wote kwa pamoja kumtazama, alijua kwamba alikuwa akipiga kelele.

Renken akaja mbio, uso mwekundu.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nne."

"Mwaka wa nne! Mama yangu! Na matofali ya ile barabara ya kanisani? Na ya ghala la Janssen?"

"Yale mazuri. Yaliyonyooka nayajua kwa mkono."

"Kwa mkono! Mimi nawaambia watu nina sikio, kumbe nina mkono!" Akalipiga teke gurudumu la behewa, akaumia, akageukia pembeni kutukana, na sehemu hiyo Wübke hakuipata.

Injini ikaja saa kumi ikarudi mikono mitupu. Stüben na Renken waliyashusha matofali yote, moja baada ya moja, wakiyaning'iniza kwa vidole na kuyagonga kwa nyundo ndogo ya chuma, na Wübke alisimama kando akitazama, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke. Kazi iliendelea hadi kesho yake alasiri. Mabovu yalijaza toroli moja, likawa na kilima kidogo juu.

Renken akalitazama toroli. "Mambo yameisha. Mchaguzi asiye na sikio ni mpishi asiye na ulimi. Nitatafuta mwingine, na huyo mwingine atahitaji pa kulala." Alilisema hilo akimtazama Wübke usoni, ili alipate, na huo ulikuwa wema wake kwa siku hiyo.

"Na rangi nani atanichagulia?" Stüben akauliza.

"Rangi! Mtu yeyote mwenye macho. Mimi hapa." Renken akaingia kwenye lundo, akatoka na matofali manne. Yote meusi.

Stüben akayapokea, akayatua chini. "Umeniletea makaa, mzee. Sijaja kuwasha jiko. Huyu mama hapa anajua tofali litasema nini kabla halijakaa ukutani. Mtu wa namna hiyo sina hata mmoja kule, na msanifu anataka mabehewa thelathini."

"Na asikie nani?"

"Nina masikio mawili," alisema Gesine kutoka nyuma ya toroli lake. "Moja lanitosha kwa umbea."

"Wewe una mdomo unaofanya kazi ya midomo kumi."

"Basi uufungie huko bandani, upumzike na wewe."

Waume kwa wake wakacheka, Renken naye akashindwa kujizuia. Ikaamuliwa hivyo. Gesine atagonga, Wübke atachagua. Nyumba atakaa nayo mpaka kazi ya Hamburg iishe, mwezi wa nne au wa tano. Baada ya hapo, alisema Renken, tutaona, na mikono yake ikafanya ishara ambayo haikuhitaji masikio.

Banda ambalo Wübke alikaa peke yake miaka thelathini na mitatu sasa lilikuwa na watu wawili. Alichukua tofali kutoka kwenye lundo, akaligeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akampa Gesine. Gesine akaligonga, na Wübke akamtazama usoni akingoja hukumu. Likiwa zima, nyusi za Gesine zilipanda kidogo. Likiwa bovu, alikunja pua kama aliyenusa maziwa yaliyochacha. Katika maisha yake Wübke hakuwa amewahi kuutazama uso wa mtu kwa muda mrefu hivyo, hata wa Eilert. Alilijua kovu la tetekuwanga kwenye shavu, jino lililovunjika, unywele mmoja mweupe kidevuni. Hakujua lolote lingine.

Na Gesine aliongea. Aliongea kutwa nzima, kichwa kikiwa kimeinama juu ya nyundo, kwa mazoea, kama mtu anavyoongea na ng'ombe anapomkamua. Wübke aliona taya likienda juu na chini. Hapo zamani, peke yake na upepo, hakuwa na haja ya kujua kuna nini upande wa pili wa kimya. Sasa kimya kilikuwa na mdomo, na kilikuwa mbele yake saa tisa kila siku. Akirudi nyumbani jioni alijiona amechoka kwa namna mpya, kama aliyesimama siku nzima nje ya dirisha la nyumba yenye karamu.

Wiki ya pili ya Desemba, barafu ya kwanza imeshika shimo la udongo, Gesine alikuwa akiongea hivyo, mara akaacha kugonga, akatikisa kichwa, akacheka peke yake.

Wübke akashusha tofali.

"Nitazame," akasema, akijitahidi sauti isizidi. "Halafu useme tena."

Gesine akainua kichwa. Shingo ikamwiva nyekundu. Alikuwa amesahau, au hakuwahi kufikiri kwamba kuna anayetaka kujua.

"Nilisema nini vile?" Akafikiri. Kisha akasema polepole, mdomo wazi, kama anayemwonyesha daktari: "Nimesema miguu inaniuma. Na yule kunguru anafanana na mchungaji."

Wübke akageuka kumtazama kunguru juu ya toroli.

"Shingo ndiyo ya mchungaji," akasema. "Miguu hapana."

Akachukua tofali la rangi ya ini, akaligeuza kwenye mwanga, akampa.